Aina za virusi vya kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye meza ya fundi

Mteja akiweka mashine mezani na kusema "ina virusi", bado hajaniambia kitu. Ninachotaka kujua ni njia kilichopitia: flashi, barua pepe, programu ya kukrak (ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure), au mtandao wenyewe. Njia ikijulikana, aina inajulikana, na dawa yake pia. Ndiyo maana maswali haya yamepangwa kwa kufuata njia. Mengi yanahusu Windows kwa sababu ndiyo inayoletwa zaidi.

Virusi vya kompyuta ni nini hasa? Vinatokana na vumbi au joto?

Hapana. Vumbi litaziba feni, umeme wa kupanda na kushuka utaua pawa saplai, lakini hakuna kati ya hivyo kinachozaa kirusi. Kirusi ni programu kama programu nyingine, ameiandika mtu, na kazi yake ya kwanza ni kujinakili. Mwaka 1983 Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alificha programu ya namna hiyo ndani ya programu ya kawaida, akawaonyesha wenzake darasani jinsi inavyojisambaza. Kila alipoijaribu, ilipata mamlaka yote juu ya mfumo kabla saa moja haijaisha. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Huyo Adleman tutakutana naye tena huko chini, mahali ambapo pengine hakupatarajia.

Kirusi, mnyoo na trojani vina tofauti gani?

Kirusi ni kama kupe: peke yake hakifiki popote. Kinajibandika kwenye faili la programu, kwenye waraka, au kwenye sehemu ya diski inayosomwa mashine inapowaka, na kinasafiri pale kilipobebwa.

Mnyoo hauhitaji kubebwa na faili lingine. Wenyewe ni programu kamili, unatafuta mashine nyingine kupitia mtandao, barua pepe au flashi, unajinakili huko.

Trojani haijinakili kabisa. Inakungoja wewe uipakue na kuifungua kwa mkono wako, ukidhani ni mchezo, ankara, au programu ya kubadili PDF.

Jina la jumla la vyote ni programu hasidi. Mtaani vyote vinaitwa virusi, na sina ugomvi na hilo. Ila ujue kwamba programu hasidi nyingi za siku hizi hazikai ndani ya boksi moja. WannaCry ya mwaka 2017 ilisafiri kama mnyoo, na ikifika inafunga mafaili na kudai fidia. Ukiuliza "ni aina gani?", jibu lina sehemu mbili: inaingiaje, na ikiingia inafanya nini.

Kirusi cha kwanza kilitoka wapi?

Mwaka 1971 kulikuwa na programu iitwayo Creeper, iliyotembea kutoka mashine moja kwenda nyingine kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Haikudhuru kitu. Mwaka 1982 kijana wa miaka 15 wa Pennsylvania, Rich Skrenta, akaandika Elk Cloner kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Kilisambaa kwa disketi za michezo, na baada ya disketi kutumika mara hamsini kikaleta shairi kwenye skrini.

Kwa kompyuta za aina ya IBM, tunaanza na Brain cha mwaka 1986, kilichoandikwa Lahore, Pakistan, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Waliandika ndani yake majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Walisema walitaka kuwabana waliokuwa wakinakili programu yao ya kitabibu bila kulipa. Simu zikaanza kuingia kutoka nje ya nchi.

Virusi vya sekta ya kuwashia ndivyo vipi? Bado vipo?

Ni jamii ya Brain. Vinakaa kwenye sehemu ya kwanza ya diski, ile inayosomwa kabla Windows haijaamka, kwa hiyo vinatangulia kuliko kinga yoyote. Enzi za disketi vilienea sana kwa sababu watu walikuwa wanasahau disketi ndani ya mashine, wakiwasha kesho yake kirusi kinaingia. Michelangelo kiliwekewa tarehe 6 Machi. Mwaka 1992 magazeti yalitabiri mamilioni ya mashine kufutwa, zikaja kudhurika maelfu.

Vya namna hiyo mteja wa kawaida hakutani navyo leo. Wapo warithi wao wanaolenga programu ya chini kabisa ya kuwashia mashine, lakini ni wachache. Kama fundi amekuambia uzime ulinzi wa kuwasha unaoitwa Secure Boot ili aweke kitu fulani, mwambie aurudishe akimaliza.

Kirusi kinajibandikaje kwenye programu?

Faili la programu lina mahali pa kuanzia kusomwa. Kirusi cha mafaili kinaandika msimbo wake ndani ya faili hilo, mara nyingi mwishoni, kisha kinabadili alama ya mwanzo ili msimbo wake usomwe kwanza. Kikishamaliza kazi yake kinarudisha usukani, na programu inafunguka kama kawaida. Huoni tofauti, labda faili limeongezeka ukubwa kidogo.

Kidogo, au hata kidogo hakuna. CIH, kilichoandikwa Taiwan mwaka 1998 na mwanafunzi Chen Ing-hau, kilijikatakata vipande na kujaza mapengo matupu yaliyomo ndani ya mafaili ya Windows 95 na 98, ukubwa wa faili ukabaki vilevile. Tarehe 26 Aprili 1999 kikaamka, kikafuta mwanzo wa diski, na kwenye baadhi ya mashine kikaandika takataka juu ya BIOS, ile programu iliyo kwenye chipu ya bodi. Mashine hizo hazikuwaka tena hadi chipu ibadilishwe au iandikwe upya.

Mwingine ni Sality, aliyeanza kuonekana mwaka 2003 na kuzunguka Afrika Mashariki miaka mingi. Huyu ni wa kubadilika sura: kila anapojinakili anajiandika kwa msimbo mpya, hivyo nakala mbili hazifanani, na kinga inayotafuta alama moja tu inamkosa. Akiingia, anazima antivairasi, anafunga Task Manager (orodha ya Windows ya programu zinazokimbia), na anajibandika kwenye kila faili la exe, yaani faili la programu, analolikuta, pamoja na zile setup ulizozihifadhi kwenye diski ya D kwa miaka.

Hii ni aina mojawapo ambayo kupiga Windows upya kuna maana. Antivairasi inaweza kumtoa Sality ndani ya faili, lakini mara nyingi programu inabaki kilema. Usihangaike kuokoa exe. Okoa nyaraka, picha na video. Programu utazipakua upya.

Waraka wa Word unaweza kuwa na kirusi? Si maandishi tu?

Unaweza. Word na Excel zinakubali makro, yaani programu fupi ndani ya waraka. Mwaka 1995 kilitokea Concept, kirusi cha kwanza kuenea kwa njia hiyo. Machi 1999 Melissa akaingia kwa barua pepe: ukifungua waraka, unajituma kwa anwani 50 za kwanza ulizonazo kwenye Outlook. Seva za barua za kampuni kubwa zikazidiwa. Aliyekiandika, David L. Smith wa New Jersey, alifungwa miezi 20.

Leo Microsoft inazuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Ilianza kufanya hivyo mwaka 2022. Walaghai bado wanakuomba uzifungue mwenyewe. Ukiona waraka umeandika "huwezi kuona maandishi haya hadi ubonyeze Enable Content", funga. Hakuna barua ya zabuni, orodha ya waliochaguliwa kazini, wala matokeo ya mtihani yanayohitaji makro ili yasomeke. Wanaozihitaji kweli ni wahasibu wachache wenye majedwali yao ya mishahara, na wanajijua.

Fundi, nimefungua flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut). Kazi zangu zimefutika?

Hazijafutika. Hili ndilo swali linaloletwa na watu wakiwa na machozi, hasa wanafunzi wenye tasnifu humo ndani, na ndilo lenye jibu jema kuliko yote. Usiformati flashi. Usimruhusu mtu yeyote aiformati.

Kilichotokea ni hiki. Mnyoo umezificha folda zako kwa kuzipa alama ya "iliyofichwa" na "ya mfumo", kisha ukaweka njia za mkato zenye majina yaleyale na picha ya folda. Ukitazama vizuri utaona kimshale kidogo kwenye pembe ya kila folda. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mojawapo, nenda Properties, usome mstari wa Target. Badala ya kuonyesha folda yako, unaanza na cmd.exe, unafuatiwa na jina la faili la ajabuajabu lenye kuishia na vbs au js (mafaili ya programu fupi), kisha mwisho kabisa ndipo jina la folda yako. Maana yake ukibonyeza, mnyoo unawashwa kwanza, halafu folda inafunguka kama kawaida ili usishtuke. Umeshaingia kwenye mashine, na flashi yoyote itakayochomekwa hapo itapata ugonjwa uleule.

Kwa hiyo anza na mashine, flashi baadaye. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana "kirusi kinarudi". Fungua Task Manager, ukiona wscript.exe inakimbia na hujui imetoka wapi, hiyo ndiyo. Izime, angalia kwenye orodha ya vinavyojiwasha na Windows, ondoa kilichoelekezwa kwenye faili la vbs, kisha uendeshe ukaguzi kamili wa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ule wa kuwasha mashine upya ukiweza.

Mashine ikishakuwa safi, chomeka flashi bila kufungua folda yoyote ndani yake. Angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Flashi iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa na skrini haitakuambia kitu, usiifunge. Folda zako zitatokea zenyewe, pembeni ya zile za uongo. Futa njia za mkato na faili la vbs, nakili kazi zako pembeni, hapo sasa formati ukitaka.

Ukiona hazijatokea zote, tafuta folda isiyo na jina. Baadhi ya minyoo hii inahamisha kila kitu kwenye folda iliyopewa jina la nafasi tupu, nawe unaipita ukidhani ni kosa la skrini.

Si zamani flashi ilikuwa ikichomekwa tu kirusi kinaingia?

Ndiyo, kwa sababu ya faili la autorun.inf. Windows ilikuwa inalisoma na kutekeleza iliyoambiwa. Conficker, mnyoo wa mwishoni mwa 2008, ulitumia njia hiyo pamoja na tundu kwenye mtandao, ukaingia kwenye mamilioni ya mashine. Windows 7 ilitoka ikiwa imezima jambo hilo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikapeleka sasisho kwa XP na Vista. Walipoona mlango huo umefungwa, watengenezaji wengi wakahamia kwenye hizi njia za mkato, ambazo zinangoja kidole chako.

Stuxnet, uliogunduliwa mwaka 2010 na kulenga mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, haukuhitaji hata kidole. Ulitumia kasoro ya Windows ambayo ukifungua tu flashi na picha za njia za mkato zikaonekana, umeingia. Kiwanda hakikuwa kimeunganishwa na intaneti. Kasoro hiyo ilizibwa mwaka huohuo.

Mnyoo unawezaje kuingia kama sijabonyeza chochote?

Kupitia tundu kwenye programu iliyokwisha kuwashwa na inayosikiliza mtandao. Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo uliotumia matundu ya Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ulijirudiarudia kwenye mashine zilezile hadi zikakwama, na inakadiriwa ulizifikia mashine 6,000 hivi, wakati intaneti yote ilikuwa na kama 60,000. Januari 25, 2003, Slammer wenye baiti 376 tu, mfupi kuliko aya hii, ulizunguka dunia na kuzifikia nyingi ya seva zenye tundu ulilolitumia ndani ya dakika kumi.

Linaloniuma kwenye hadithi hizi ni tarehe. Sasisho la kuziba tundu la Slammer lilikuwa limetoka miezi sita kabla. La WannaCry lilitoka Machi 14, 2017, mnyoo ukaja Mei 12. Hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu, mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 zikafungwa, kwa tundu ambalo dawa yake ilikuwapo miezi miwili.

Najua kwa nini watu huku wanazima masasisho. Bando. Mtu ananunua la siku, Windows inalila lote kabla hajafungua barua pepe moja. Hasira hiyo naielewa. Lakini usizime moja kwa moja kama wanavyofundisha baadhi ya mafundi. Weka mtandao wako kama wa kulipia kwa kipimo, yaani metered, Windows itangoja. Kisha mara moja kwa mwezi peleka mashine mahali penye Wi-Fi, ofisini au chuoni, iache ijisasishe. Microsoft hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo wiki inayofuata ndiyo wakati mzuri.

Na kama bado uko Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025.

Programu za kukrak zina virusi kweli, au ni vitisho vya kampuni?

Si zote. Lakini jiulize mwenyewe: maelekezo ya karibu kila programu ya kukrak yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Umezima mlinzi, ukafungua faili la mtu usiyemjua, ukampa mamlaka ya msimamizi. Mtunzi wa trojani hana haja ya kutafuta tundu tena. Rahisi ni ghali.

Ninachoona mezani ni kwamba wengi wanaokrak wanatafuta Word na Excel tu. LibreOffice ni ya bure kihalali na inafungua mafaili hayo. Photoshop ina mbadala kama GIMP, ingawa sitakudanganya kwamba wapiga picha wa harusi wanaifurahia.

Mafaili yote yamebadilika majina na kuna barua inadai dola. Nifanye nini?

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, chomoa flashi na diski za nje, sasa hivi. Kisha tulia. Usifute mafaili yaliyofungwa wala ile barua.

Hii ni programu ya kudai fidia. Si jambo jipya. Desemba 1989 Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kutafiti nyani Kenya, alituma kwa posta disketi kama 20,000 zilizoandikwa kuwa zina maelezo ya UKIMWI. Mashine ikishawashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yanavurugwa na printa inatoa ankara: dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama. Alikamatwa, ila mahakama ya Uingereza iliona hali yake ya akili haimruhusu kushtakiwa. Hesabu aliyoitumia ilikuwa dhaifu, wataalamu wakaifungua upesi.

Za leo hazifunguki hivyo. Ufunguo wa kufungulia haukai kwenye mashine yako, uko kwa mwizi, na hesabu inayoulinda mara nyingi ni RSA, ambayo herufi yake ya mwisho ni ya Adleman yuleyule wa swali la kwanza.

Kwa watu binafsi, jamii niliyoiona ikisumbua zaidi ni STOP, wengine huiita Djvu. Utaitambua kwa barua iitwayo _readme.txt na bei ya dola 980, inayopungua hadi 490 ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Kwa kawaida imeingia na programu ya kukrak, swali lililopita. Matoleo yake ya zamani, ya kabla ya Agosti 2019, yana kifunguzi cha bure cha Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta. Ya baadaye yanafunguka tu kama mashine ilikuwa haina intaneti wakati wa kufungwa, kwa sababu programu ilitumia ufunguo wa akiba ambao ni mmoja kwa wengi. Nenda kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama; unapakia faili moja lililofungwa na barua, inakuambia kama kuna kifunguzi. Hakuna? Hifadhi mafaili kwenye diski pembeni. Vifunguzi hutoka miaka baadaye.

Kulipa? Mimi simshauri mtu. Unaweza kulipa usipewe ufunguo, na huyo aliyechukua hana duka utakalomrudia.

Nakala rudufu inatosha ikikaa wapi?

Mahali ambapo mashine haifiki. Diski ya nje iliyochomekwa saa zote itafungwa pamoja na mashine. Chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini.

Tarehe 27 Juni 2017 NotPetya, iliyoanzia Ukraine kupitia sasisho la programu ya uhasibu, iliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni ya meli za makontena. Ilijifanya inadai fidia. Ukweli ni kwamba ilikuwa inafuta. Seva zote zenye orodha ya watumiaji na ruhusa zao dunia nzima zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, zikafutika pamoja. Ikabaki moja, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika ofisini huko kabla ya shambulio, seva ikawa imezimika. Intaneti ya kuituma ilikuwa ndogo mno, na hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza, hivyo mmoja akapanda ndege hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski uwanjani, aipeleke London. Maersk ilipiga upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 ndani ya siku kumi. Tunaolalamikia mgao wa umeme tuna hadithi moja ya kuutetea.

Programu za kijasusi nitazijuaje?

Kwa shida, kwa kuwa kazi yake ni kukaa kimya. Kinasa vibonyezo kinaandika kila herufi unayoipiga na kuituma kwa mwenyewe. Zeus, trojani iliyoanza kuonekana mwaka 2007, ilikuwa bingwa wa kuiba nywila za benki. Kwenye intaneti kafe usiingie benki, basi. Ukilazimika kufungua barua pepe, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu yako kwanza.

Simu nayo inapata virusi?

Inapata, ila karibu kila mara ni trojani. Mwaka 2004 kulikuwa na Cabir, mnyoo uliorukia simu za Symbian, mfumo wa simu wa enzi hizo, kwa Bluetooth, ukikuomba ruhusa kabla ya kuingia. Sasa njia kuu kwenye Android ni faili la apk lililotumwa WhatsApp au kupakuliwa nje ya Play Store: "pata GB za bure", "angalia salio la mkopo".

Tazama ruhusa inazoomba. Apu ya tochi haina kazi na SMS zako. Na kama inang'ang'ania upewe huduma ya Ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri, kataa. Ukiiruhusu inaweza kusoma skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako, ikiwemo kukubali miamala. Ikiwa umeshaiweka na haitoki, washa simu kwa hali salama, iondoe kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa, ndipo uifute.

Skrini imeandika "Simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa".

Tangazo. Ukurasa wa wavuti hauwezi kuhesabu virusi ndani ya simu yako. Funga kichupo, kisha nenda kwenye mipangilio ya kivinjari uzime arifa za tovuti usizozijua.

Natumia Mac. Niko salama?

Salama zaidi, si salama. Mwaka 2012 Flashback iliingia kwenye Mac kama 600,000 kupitia tundu la Java. Linux pia: Mirai, ya mwaka 2016, iliteka kamera za ulinzi na ruta zinazoendeshwa na Linux kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Kama umefunga kamera dukani na nywila bado ni admin, badilisha leo.

Nikiweka antivairasi mbili si ndiyo nzuri zaidi?

Hapana. Zitagombania kila faili na mashine itatambaa. Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa wengi, mradi imesasishwa.

Kirusi kinaweza kuunguza mashine?

CIH ndiyo ilikaribia zaidi, na iliua programu ya chipu, si chipu yenyewe. Feni ikipiga kelele bila sababu, angalia kama kuna programu inayochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia prosesa yako. Kama hakuna, ni vumbi. Safisha.

Kutengeneza kirusi ni kosa kisheria?

Siku hizi ndiyo. Mei 2000 ILOVEYOU ilitoka Manila ndani ya faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, Windows ilificha zile herufi tatu za mwisho, watu wakadhani ni maandishi tu. Onel de Guzman hakufungwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshika. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018. Matukio makubwa yanaripotiwa TZ-CERT, kikosi cha usalama wa mtandao kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, au KE-CIRT kwa upande wa Kenya. Na kwenye mashine yako, ruhusu Windows ionyeshe viambishi vya mwisho vya majina ya mafaili. Iko kwenye View ya File Explorer.

Nikienda steshenari kuchapisha, nijikingeje?

Tuma kazi kwa barua pepe ikiwa PDF, usichomeke flashi. Ikibidi flashi, tenga ndogo isiyo na kitu kingine, na ukirudi nyumbani ikague kabla ya kufungua.

Fundi mwenyewe anaweza kuniambukizia mashine?

Anaweza. Flashi yetu ya kupigia Windows inapita kwenye mashine za watu kila siku, na mashine nyingi zinazoletwa ni gonjwa. Muulize anatumia faili la Windows alilolipakua kwa Microsoft au alilopewa na fundi mwenzake. Muulize pia kama ataweka kiamshi cha kukrak, kile cha kuifanya Windows ijione imelipiwa. Akisema ndiyo, rudi kwenye swali la programu za kukrak. Na kabla hujamwachia mashine, nakili kazi zako, toka kwenye akaunti zako za barua pepe, na umwambie asiguse diski ya D bila kukupigia simu.